Uko na mambo mingi

Niko zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, wote wamelala. Wiki imekuwa na mambo yake: mama mkwe katoka hospitali, Neema kapata cheti cha kuogelea, nami hatimaye nimesaini mkataba wa kudumu. Lakini kinachonizunguka kichwani ni kauli moja ya rafiki yangu Mwalimu, Jumamosi, kwenye kaunta ya baa ya Fat Cat, kadi yake ikiwa tayari mkononi.

"Wacha, hii ni yangu. Uko na mambo mingi wewe."

Mambo gani?

Mnajua desturi yetu. Mshahara ukiingia tunazunguka mtaa wa Kelham Island, hapa hapa Sheffield, kuonja eli, zile bia za Kiingereza za pipani, nusu painti kila baa. Tulianzia Sheffield Tap, pale stesheni, na Jaipur, bia ya kiwanda cha Thornbridge, kilevi asilimia 5.9, inayoteremka kwa upole kisha inakudai baadaye. Hapo alilipa yeye. Kwa hiyo Fat Cat ilikuwa zamu yangu ya kulipa, na huku zamu ni zamu. Hata Mwingereza mkimya kabisa anazihesabu moyoni.

Tena nilikuwa nimejipanga. Nilitaka kuagiza Pale Rider mbili, nimsukumie yake, niseme, "Mwalimu, mkataba umetoka." Niliichagua makusudi, maana ndiyo bia ya mtaa ule: ilitoka kwenye kiwanda kidogo kilichozaliwa na baa hiyo hiyo mwaka 1990, ikatwaa ubingwa wa bia Uingereza mwaka 2004, na kiwanda kilipofungwa 2022, Thornbridge wakaichukua isife. Habari ya mkataba ilistahili bia ya namna hiyo.

Akaniwahi. Nami nikasema ahsante. Ahsante! Mkataba ukabaki mdomoni, kwa sababu kuutaja dakika ile kungekuwa kumjibu, tena kwa majivuno.

Nimeirudia kauli ile hadi imepoteza sauti yake. Je, lile "wewe" alilivuta? Alimaanisha shughuli tu, kwa vile nimemkatalia mara kadhaa kwa sababu ya zamu? Au ni siku ile nilipomwambia kuwa mabati yamepanda bei na nyumba ya Marangu imekwama kwenye lenta? Nilikuwa nalalamika tu, ndugu zangu. Sikuwa naomba. Au Mama Neema kaongea na mkewe?

Pale Kelham Island Tavern nilikuwa bado nimenuna, ingawa ndiyo baa iliyochaguliwa bora ya taifa 2008 na 2009 na mtu hapaswi kununia humo. Nikaonja glasi yangu, nikaiweka chini. Ilikuwa imeanza kugeuka. Eli hizi haziongezewi gesi na hamira yake haiuawi. Inaendelea kuchachuka ndani ya pipa huko chini, kwenye nyuzi 11 hadi 13, na pipa likishafunguliwa lina siku tatu hivi. Babu yangu hakuwahi kuona pipa la namna hiyo lakini angeelewa papo hapo: mbege nayo leo tamu, keshokutwa inakukunja uso.

Nikamwambia dada wa kaunta. Akajimiminia kidogo, akaonja, akakubali bila neno, akageuza kibao cha pampu kiangalie nyuma, ishara kwamba haiuzwi tena, akatupatia nyingine. Mzee mmoja mwenye beji ya CAMRA, kile chama kilichoanza 1971 kutetea eli, akaniinulia glasi.

Mwalimu hakujizuia. "Mchagga amefundisha wenye pombe pombe yao!" Akamtafsiria mzee yule, akamtafsiria na kijana aliyekuwa anasubiri choo. Tulicheka hadi kituo cha tramu cha Shalesmoor, na ndani ya tramu tukacheka tena, watu wakitutazama. Raundi ile nililipa mimi, wala hakubisha. Kwa muda wote huo sikuikumbuka ile kauli. Wala mkataba sikuutaja. Nilisahau, kweli kabisa.

Ikanirudia Jumapili, nikipiga pasi.

Mama Neema anasema labda mtu alitaka kulipa tu. Labda. Mwalimu naye jana kanitumia ujumbe, anauliza lini tena. Sijamjibu. Nitamjibu.

Boila nayo imeanza ule mlio wake, na mwenye nyumba hapokei simu tangu Ijumaa.