Miti ya baba, insulini yangu na ile pesa ya afya ya Uingereza

Kamwene ndugu zangu. Mwaka huu nimeulizwa swali moja mara nyingi mpaka nimeona niliandike mara moja liishe, na wanaoniuliza wote ni wenzangu wenye sukari ya kuchoma insulini wanaotaka kwenda nje, kijana mmoja yuko Njombe, mwingine Uyole anasubiri majibu ya chuo, na dada mmoja nesi pale Mbeya mjini. Wote wanauliza, huko ng'ambo insulini wanauza bei gani? Baba pia aliuliza hivohivo siku nilipomwonesha barua ya chuo cha Uingereza, tena hata hajauliza naenda kusomea nini. Na mimi nilihangaika na hilo swali miezi mitatu, kumbe bei ya insulini siyo iliyokuwa inataka kunikwamisha.

Mimi ni wa Mafinga, Mufindi. Nilianza kuchoma 2009 nikiwa na miaka 12, nyumbani wakadhani ni malaria mpaka nilipopelekwa Iringa nikiwa sijitambui. Mvua za Desemba mwaka huohuo baba akapanda paina ekari mbili, akasema hii ni ya dawa za huyu mtoto akikua. Watu wa Mufindi mnaelewa, kwetu mti ndo benki. Miaka ya utotoni nilikuwa napata insulini ya msaada kliniki, ile ya mchanganyiko, ya haraka na ya muda mrefu kwenye chupa moja, asubuhi na jioni kwa bomba la sindano, umri ukapita nikaanza kuhangaika na bima kama wengine, kwahiyo ile miti ilikaa tu haikuguswa.

Sasa 2024 nikapata nafasi ya shahada ya pili Leeds, mwaka mmoja, ufadhili unalipa ada na posho ya kujikimu. Nikajua nimemaliza. Alafu nikafika kwenye fomu ya viza.

Uingereza ukiomba viza ya kukaa zaidi ya miezi sita unalipa ada ya afya, wenyewe wanaiita IHS, na hailipwi ukifika, inalipwa palepale unapoomba viza, yote kwa mpigo, ya muda wote utakaokaa. Ilipanda Februari 2024, mtu mzima wa kawaida pauni 1,035 kwa mwaka, mwanafunzi 776. Nikasema mwaka mmoja, basi 776. Hapana. Kozi ya mwaka viza yake inazidi, wanakupa na mwezi kabla ya masomo na miezi minne baada ya kumaliza, na hiyo miezi ya ziada isipozidi sita wanaihesabu nusu mwaka, kwahiyo nikadaiwa 1,164. Hela ya wakati ule ni kama milioni nne za kwetu, na hapo bado ada ya viza yenyewe pauni 490, bado kipimo cha kifua kikuu, bado nauli. Ufadhili wangu hiyo IHS haikuwemo. Nilisoma ile barua ya ufadhili mara tano nikitafuta, haimo.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, wanataka lini? Wiki iliyofuata mnunuzi alikuja na watu wake na chenso. Nilienda siku ile shambani. Ile miti ilikuwa na miaka 15, ingekaa mingine mitatu minne ingefika bei nzuri kabisa ya mbao, na baba alikuwa anaijua hiyo bei kuliko yule mnunuzi. Alipita mti mmoja mmoja anagonga kwa kiganja, hakusema kitu. Harufu ya utomvu ilinikaa kwenye sweta mpaka nafika Dar.

Kwahiyo la kwanza ninalowaambia ni hilo, hela ya afya ya Uingereza unaitafuta kabla ya safari, ukipewa ufadhili uliza kwa maandishi kama IHS imo, na usiulize mwishoni. Kadi ya benki nayo iulizie mapema inaruhusu kulipa mtandaoni kiasi gani kwa siku maana yangu ilikataa mara mbili na muda wa fomu unaenda. Viza wakikunyima hiyo ada wanakurudishia, usiogope hapo. Na dada nesi, wewe ukienda kwa viza ya wahudumu wa afya IHS hulipi kabisa, hiyo ni tofauti kubwa, usije ukauza kitu cha watu bure.

Kosa nililofanya na linaniuma mpaka leo ni la bima ya safari. Kuna wakala Dar aliniambia mwenye sukari lazima awe na bima ya safari kubwa, akanihakikishia kwa mdomo kwamba sukari imo, nikalipa. Nilikuja kuisoma vizuri niko kwenye basi, ukurasa wa nne kwa maandishi madogo, ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari hauhusiki. Yaani nimemwambia ninachoma insulini, ameandika, amenipigia hesabu ya mwenye sukari, na kisha karatasi inasema sukari yangu haipo. Nilimpigia akasema hela hairudi. Jamani soma mwenyewe hilo neno kabla hujatoa hata shilingi, mwambie akuoneshe kwa kidole sehemu iliyoandikwa sukari imo. Na kadi yetu ya bima ya hapa nyumbani ukivuka mpaka haikusaidii, usiihesabu.

Safari yenyewe. Mafinga ni baridi, insulini nimezoea kuiweka kabatini tu, ila basi likishashuka Kitonga ukafika Ruaha Mbuyuni ni joto la kweli na mpaka Dar haliishi. Nilichukua chupa ya chai ya mdomo mpana, nikaipoza kwa maji baridi, nikamwaga, nikavifunga vichupa kwa kitambaa chenye unyevu, barafu sikuweka maana insulini ikiganda imekufa hata kama ikija kuyeyuka. Kwenye ndege niliibeba mkononi, nusu kwenye begi la mgongoni nusu kwenye mkoba, isiende kwenye mzigo wa chini hata kidogo. Daktari wangu aliniandikia barua ya Kiingereza, jina la dawa lenyewe siyo la kampuni tu, yuniti ninazochoma, sindano ninazobeba, na mihuri miwili. Uwanja wa ndege waliiangalia kama sekunde kumi wakanirudishia, lakini bila ile barua sijui ningeeleza nini na sindano zote zile.

Nilibeba ya miezi mitatu. Kuna mtu kliniki aliniambia mwezi mmoja unatosha, wenzetu wana kila kitu. Ni kweli wana kila kitu, ila kule insulini hununui dukani kama panadol, lazima iandikwe na daktari, na daktari lazima kwanza uandikishwe kwenye kituo cha mtaani, GP. Kituo cha kwanza nilichoenda dada wa mapokezi aliniambia nilete mkataba wa nyumba na bili yenye jina langu. Nimefika jana, bili nitoe wapi? Nikaondoka. Siku tisa nimezunguka na hilo jambo ndo mwanafunzi mwenzangu Mnigeria akanionesha mwongozo wa NHS wenyewe, yaani huduma ya afya ya serikali ya kule, kuandikishwa GP hawatakiwi kukukatalia kwa kukosa kitambulisho wala uthibitisho wa anwani. Nikaenda kituo kingine, nikajaza fomu, wakanipokea, ila kumwona daktari ikaja kuwa wiki ya nne tangu nishuke kwenye ndege.

Hizo wiki nne ndo nataka mzielewe. Chakula kigeni, kutembea sana, baridi ya aina nyingine, na mimi nachoma yuniti zilezile za nyumbani. Usiku mmoja niliamka shuka limelowa jasho, mikono inatetemeka, kupima 3.1, sukari imeshuka mno, na chumbani nina pakiti moja ya biskuti na sukari ya chai niliyobeba kwenye kibahasha kutoka kwenye ndege. Nilikula vyote nimekaa sakafuni. Insulini ilikuwepo, kilichopungua ni stripu za kupimia sukari, nilikuwa nimebeba mbili tu kwa siku na pale nilihitaji hata sita, nikanunua famasi kwa hela ya mfukoni, hizo zinauzwa bila kuandikiwa na daktari. Ukikwama kabisa kuna namba 111, bure, unaongea nao wanakuelekeza pa kupata dawa ya dharura. Mimi nilikuwa siijui.

Sasa lile swali la bei. England, sehemu ya Uingereza ilipo Leeds, dawa ya kuandikiwa ni pauni 9.90 kila aina moja, na kulipa IHS hakuiondoi hiyo. Ila anayechoma insulini anapewa cheti cha msamaha, fomu yake inaitwa FP92A, unaiomba hapohapo GP, na ukishakuwa nacho hulipi dawa yoyote ya kuandikiwa miaka mitano, siyo insulini tu, hata ya kikohozi. Mimi nililipa mara ya kwanza aina tatu kabla cheti hakijatoka, na bahati mfamasia mmoja mzee akaniuliza kama nataka risiti ya FP57, nikasema sawa bila kuelewa, kumbe ndo hiyo unayorudishiwa nayo hela ndani ya miezi mitatu, na lazima uiombe palepale unapolipa, baadaye hawakupi. Macho wanakupima bure, meno hayamo, meno utalipa. Ukienda Scotland au Wales hiyo habari ya cheti huna haja nayo, kule dawa za kuandikiwa hakuna anayelipa.

Aliyeniuliza Ujerumani, kule unakata bima ya lazima kila mwezi na kwenye dawa unachangia kati ya euro 5 na 10, bei ya mwanafunzi inakoma ukifika miaka 30, angalia umri wako. Marekani sishauri mtu aende bila kusoma bima ya chuo neno kwa neno, hasa kile kiasi unachotoa mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kulipa.

Walinibadilishia dawa. Nikawa na kalamu mbili, ya siku nzima na ya kila mlo, na kile kisensa cha mkononi kinachosoma sukari muda wote, cha wiki mbili mbili, tangu 2022 mwongozo wao unasema kila mtu mzima mwenye sukari ya aina ya kwanza kama yangu apewe nafasi ya kukivaa. Siku ya kwanza nimekivaa niliangalia ule mstari kwenye simu usiku kucha, miaka 15 nachoma na sijawahi kujua sukari yangu inafanya nini saa nane za usiku. Nililia, siwafichi.

Na hapo ndipo nilipo saa hizi. Viza yangu inaisha Januari, cheti cha dawa kina muda mpaka 2029 na sitakuwa nacho kazi. Kisensa Mafinga nitakinunua kwa hela ipi kila wiki mbili? Nimeshaandika kliniki Iringa wanitajie aina za insulini zinazopatikana kwa uhakika, na nimemwomba daktari wa huku anirudishe kwenye ile ya mchanganyiko miezi miwili kabla sijapanda ndege, nikiwa bado na kisensa mkononi na nesi wa kumpigia, siyo nikaanze kukisia mwenyewe nikiwa nimeshafika. Amekubali, tunaanza Novemba. Baba ameniambia shambani ameshasafisha, anangoja mvua apande tena.