Siku Tuliyopeleka Dawa Pugu Kinyamwezi

Nilivaa buti za mvua za kaka yangu, maana niliambiwa dampo la Pugu Kinyamwezi likilowa hata lori linakwama. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kusimama, kuangalia dawa zetu zilizoisha muda zikiharibiwa, kisha kusaini.

Nafanya kazi kwenye duka la dawa za jumla, Kariakoo. Dawa huwezi kuzitupa tu kama maganda ya ndizi. Unaandika barua, unaorodhesha kila aina na bachi namba yake, yaani namba ya mkupuo ilimotengenezwa, unasubiri mkaguzi apangwe, na siku yenyewe mnaongozana na afisa afya na askari. Usiku wa kuamkia safari mimi na kijana wa stoo tulikesha tukichana maboksi. Boksi likifukiwa zima, wiki ijayo utalikuta limepangwa kwenye meza ya mtu.

Vidonge peke yake vilifika kilo 650. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 ninao kwenye simu: vidonge vitolewe kwenye maganda, visagwe, vichanganywe na saruji, chokaa na maji. Katika kila kilo 100 za mchanganyiko, dawa 65, chokaa 15, saruji 15, maji 5. Ule uji unamwagwa dampo na kuganda kama zege, dawa isichuruzike. Ukitaka kuchoma, basi liwe tanuru lenye joto la nyuzi 850 kwenda juu, siyo pipa na mafuta ya taa.

Kwa hiyo tulihitaji saruji kilo 150, yaani mifuko mitatu, na chokaa kiasi hicho hicho. Mkandarasi alishusha mfuko mmoja. Chokaa hata ya kupaka mti hakuwa nayo.

"Inatosha, dada," akaniambia. "Tingatinga ndiyo dawa."

Tingatinga likapanda. Sirapu za watoto zilianza kupasuka, pa! pa! pa!, maji ya rangi ya waridi yakaruka hadi kwenye minyororo, na kwa dakika kadhaa dampo zima, pamoja na uozo wake wote, likanukia stroberi. Nzi walihama walikokuwa wakaja kwetu. Nilicheka, halafu nikajionea aibu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu hukuhuku, unashuka hadi Jangwani, na kuna watu wanamwagilia mchicha kwa maji yake. Yale maji ya waridi yalikuwa yananywewa na udongo mbele ya macho yangu.

Mkaguzi nilimwambia habari ya saruji. Akaandika kwenye fomu yake, sentensi moja, huku ameegemea boneti. Nami nikasaini chini ya sentensi hiyo.

Waokota makopo walikuwa wamezuiwa na askari, hatua kama ishirini hivi. Tulipoanza kupanda gari, mama mmoja mwenye kiroba mgongoni alinisogelea. Kiganjani alikuwa na vile vikombe vidogo vya plastiki vya kupimia sirapu, kama kumi, ameshavifuta kwa khanga.

"Samahani mwanangu, na hivi navyo vimeisha muda?"

Nikamwambia aviache, vimelowa dawa. Akaviangalia, akaniangalia, akasema ahsante. Gari lilipogeuka nilimwona anavitia kwenye kiroba.