Moto wangu wa kwanza haukuwaka

Moto wa kwanza niliouchora ulipepea kama kanga iliyoanikwa. Nilikuwa na michoro 24, nimeihangaikia siku tatu, nimeipaka rangi ya chungwa na njano. Nilipoichezesha mfululizo kama katuni, ndimi zikalala kushoto, zikarudi kulia, zikalala tena kushoto. Niliumia sana, maana mchoro mmoja mmoja ulikuwa mzuri kabisa.

Napenda anime, yaani katuni za Kijapani, tangu nikiwa shule ya msingi, na kilichonivuta zaidi ya nyuso na mapanga ni milipuko, moshi na radi, vitu ambavyo mtu amekaa akavichora kwa mkono, karatasi baada ya karatasi. Vifaa vyangu ni kompyuta ya mtumba, tableti ndogo ya kuchorea isiyo na kioo, na Krita, programu ya bure ambayo inakuonyesha mchoro uliopita kwa rangi hafifu chini ya huu unaouchora.

Kilichonifungua macho ni jiko la bibi yangu, Muheza. Nilikwenda kumsalimia, nikamkuta ameinjika maharage kwenye mafiga. Nikakaa pale karibu saa nzima, naangalia tu.

"Mjukuu wangu, moto huo una nini leo?" akaniuliza.

"Nausoma, bibi."

Akasukuma ukuni mmoja ndani, akaniacha.

Nilichokiona ni hiki. Ulimi wa moto hauyumbi kama jani. Huanzia chini ukiwa mpana, kisha hewa inaingia kwa pembeni na kuubonyeza kiunoni. Mbonyeo huo unapanda. Ukifika karibu na ncha, kiuno kinakuwa chembamba, kipande kinakatika, kinapaa peke yake kidogo na kupotea. Huku nyuma mbonyeo mwingine umeshaanza chini, na mara nyingi unatokea upande wa pili.

Tangu siku hiyo sichori ndimi kwanza. Nachora njia ya hewa: natia alama ya mbonyeo kwenye mchoro wa kwanza, naupandisha kwenye wa pili, wa tatu, mpaka ukate. Umbo la moto linajitokeza lenyewe. Kipande kilichokatika nakipa michoro miwili au mitatu ya uhai, nacho kinapungua kila mara.

Jambo la pili lilikuwa hesabu. Sekunde moja ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, nami nilidhani lazima nichore zote. Katika anime mchoro mmoja mara nyingi hushikiliwa fremu mbili au tatu, kwa hiyo sekunde inabeba michoro 12 au 8. Moto mdogo naufanya kwa mbili, moshi mzito kwa tatu. Ukubwa una mwendo wake: mwali wa kibiriti unacheza haraka, lakini jengo likiungua ndimi zake hupanda polepole. Ukizikimbiza, jengo linageuka kiberiti.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaangalia mabingwa fremu kwa fremu. Yoshinori Kanada, mchoraji wa anime wa Japani, alichora majoka ya moto katika filamu ya Harmagedon ya mwaka 1983, na ukisimamisha picha unakuta maumbo makali, bapa, yenye pembe, yasiyofanana na moto wa kuni hata kidogo. Ukiachia iende, unaunguzwa. Nadhani wanaoanza wengi wanakosea hapa kama nilivyokosea mimi: wanaiga yale maumbo, wanaacha mwendo.

Mlipuko ulinichukua miezi miwili. Nilikuwa naukuza sawasawa, kila mchoro ukizidi uliotangulia kwa kiasi kilekile, ukawa puto linalojazwa upepo. Sasa mchoro wa kwanza ni mweupe mtupu au mweusi wenye mistari myeupe, fremu moja au mbili tu. Mchoro unaofuata tayari umefikia zaidi ya nusu ya ukubwa wote. Kinachobaki kinakua kwa uchovu, kidogo kidogo, huku mabonge ya moshi yakibiringika kutoka katikati kwenda nje. Ule mmweko wa mwanzo, mweupe na mweusi, siurudierudii. Desemba 1997 huko Japani kipindi kimoja cha katuni kilimulikamulika nyekundu na buluu, na mamia ya watoto wakapelekwa hospitali. Hilo nalichukulia kwa uzito.

Na moshi kuondoka! Nilizoea kuufifisha kwa kupunguza rangi, ukawa unapotea kama taa inayozimwa. Moshi wa kuchora hutobolewa: vitundu vinafunguka ndani ya bonge, vinapanuka, vinakutana, bonge linabaki vipandevipande, kisha nyuzi, kisha hakuna. Rangi tatu zinanitosha, ya mwanga, ya kati na ya kivuli, zenye mipaka wazi.

Mwezi uliopita nilimaliza kipande cha sekunde nne: ghala linalipuka usiku, michoro 41, usiku 11 wa kazi. Nilimwonyesha bibi kwenye simu. Akaisogeza simu karibu na macho, akaangalia mara mbili, akauliza waliokuwa mle ndani wametoka salama.

Maji bado yananishinda. Wimbi nalipandisha vizuri, ila likivunjika povu langu linaonekana kama pamba. Jumamosi nakwenda Pangani na daftari.