Tarehe ya Mwisho ya Kibali

Juzi mpwa wangu, yule aliyeko Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alinionyesha barua ya kibali cha utafiti aliyopewa chuoni ili aende nayo mikoani, akaniuliza: "Mjomba, kwa nini Makamu Mkuu wa Chuo anatoa ruhusa kwa niaba ya Serikali? Kwani chuo nacho ni Serikali?" Nilimjibu kadiri nilivyoweza, lakini alipokwisha kuondoka nilibaki na asubuhi moja ya mwaka 1989 kule Tongoni, kijiji cha wavuvi cha pwani ya Tanga, ambayo sijawahi kuiandika humu ingawa habari za masjala nilikokuwa karani nimezigusa mara nyingi.

Jibu la swali lake ni hili. Waraka wa Serikali wenye kumbukumbu namba MPEC/R/10/1, wa tarehe 4 Julai 1980, ulimpa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti kwa walimu na wanafunzi wa chuo hicho, kwa niaba ya Serikali na ya Baraza la Taifa la Utafiti wa Sayansi, lile tulilozoea kuliita UTAFITI. Baraza hilo liliundwa mwaka 1968, na sheria ya mwaka 1986 ikaunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyorithi kazi zake. Sisi makarani tuliikariri namba ya waraka ule kwa sababu barua za kutoka Mlimani ziliitaja, na baada ya namba hiyo yalifuata maneno yaleyale ya kuomba kwamba mwanachuo huyu aruhusiwe kuonana na kuzungumza na viongozi na wananchi wa mahali anapokwenda, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani.

Uongozi wa chuo kile, basi, mimi niliufahamu kwa saini na mihuri kabla sijakanyaga Mlimani. Jalada la utafiti katika ofisi yetu, ofisi ya Serikali pale Tanga mjini, lilikuwa nene, na aliyelifunua kutoka folio, yaani karatasi zenye namba, za chini kwenda za juu alipita enzi moja baada ya nyingine. Walikuwamo watu wa BRALUP, idara ya chuo iliyoanzishwa mwaka 1967 kuchunguza ardhi na rasilimali, na watu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili waliokuja kukusanya maneno ya pwani. Chuo chenyewe kilianza mwaka 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria. Kisha kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na tarehe 1 Julai 1970 kikasimama chenyewe. Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa Chuo, na Pius Msekwa, aliyetoka katika utendaji wa TANU, akawa Makamu Mkuu wa kwanza. Akafuata Ibrahim Kaduma mwaka 1977, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Nicholas Kuhanga mwaka 1980, aliyekuwa Waziri wa Elimu. Mimi huona kwamba hapo ndipo lilipo jibu la ndani zaidi la swali la mpwa wangu: chuo kilikuwa mikononi mwa watu ambao Serikali iliwajua kama wa nyumbani kwake, na kumwachia mtu wa namna hiyo kalamu ya kusaini kwa niaba yake halikuwa jambo gumu. Profesa Geoffrey Mmari aliposhika nafasi hiyo mwaka 1988, kalamu ilikwisha kuwa ya ofisi, si ya mtu.

Barua ya kijana ninayemkumbuka ilikuja wakati wa Profesa Mmari. Alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, mpole, mwenye begi la turubai lililojaa rula, mizani ya mkono na madaftari, na alikuwa anachunguza samaki wanaonaswa kwa madema, ile mitego ya kusuka, katika miamba ya ndani. Kibali chake kilianza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 31 Agosti. Mkuu wangu wa kazi aliandika barua yetu ya Kiswahili ya kumtambulisha, nikaipiga chapa mimi mwenyewe, tarehe zote mbili zikiwamo, kisha akaniagiza nimsindikize kwa kuwa ukoo wa mama yangu ni wa Tongoni. Tulipanda basi la Pangani, tukashuka, tukapitia kwa mwenyekiti wa kijiji akagonga muhuri wake, tukakata njia ya magofu, kwenye msikiti wa kale na makaburi yake ya nguzo, hadi dikoni, wavuvi wanakoegesha ngalawa.

Kusi, upepo wa katikati ya mwaka ambao kaskazi huufuata, lilikuwa limechacha. Ngalawa nyingi zilikuwa juu ya mchanga, na wazee walikuwa bandani wakitengeneza zana. Mzee tuliyeelekezwa kwake alikuwa anasuka dema jipya. Lilimfunika magoti, na vidole vyake vilikuwa vinapitisha ufito mmoja chini ya mwingine na kuukaza, tundu baada ya tundu, kila tundu na pembe zake sita, yote sawa kana kwamba yamepimwa. Kijana alikuwa amekwisha kutoa rula, nadhani ili apime matundu yale. Tukatoa shikamoo, tukaitikiwa marahaba, nikaeleza tulikotoka na ukoo wangu, kisha nikatoa barua.

Nilitarajia amwite mtu amsomee. Badala yake alifuta mikono kwenye msuli, akavaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, akaishika karatasi kwa pembe zake ili asiilowanishe, akaigeuza upande wa mwanga. Akaisoma kuanzia "Yah" hadi kwenye muhuri, midomo ikitembea na kidole kikifuata mstari, na bandani hapakuwa na mtu aliyesema neno. Alipofika mwisho, kidole kilirudi juu, kikasimama kwenye zile tarehe mbili.

"Mwanangu," alimwambia kijana, si mimi, "hii tarehe ya mwanzo nimeielewa, ndiyo siku ya kuja. Hii ya mwisho ni ya nini? Ya wewe kuondoka, au ya kutuletea majibu?"

Kijana alisema ni tarehe ya kumaliza kazi.

"Kuna mwenzio alikuja hapa na karatasi kama hii. Akatupimia samaki wetu, akawapiga picha watoto, akatuuliza kila mtu ana wake wangapi, akaenda zake. Ndiyo kimya mpaka leo." Chuo cha mtu huyo sikitaji, na hakikuwa cha hapa nchini. Mzee akaendelea bila kupandisha sauti: "Halafu tazama. Juni, Julai, Agosti. Hizi zote ni kusi. Sisi sasa hivi tunatega ndani tu, nje hakuendeki. Kaskazi hutaiona hata siku moja. Ukifika huko kwenu utasema umeiona bahari ya Tongoni?"

Kijana mmoja aliyekuwa anakumba maji kwenye ngalawa ya jirani aliacha kukumba. Mwenzangu alirudisha rula begini, akavua viatu, akaketi mchangani mbele ya dema, chini kuliko mzee, akafungua daftari na kuandika kwa kalamu ya risasi. Kisha akaligeuza daftari ili mzee asome. Aliandika maneno machache tu: kurudi kaskazi, pamoja na majibu. Hakula kiapo wala hakutoa maelezo ya fedha za utafiti au kalenda ya chuo, ingawa najua sasa kwamba vitu hivyo viwili ndivyo vilivyoichagua miezi ile mitatu, si yeye. Mzee alisoma, akamrudishia daftari, akamsogezea dema na kumwambia: "Haya, pima."

Niliporudi ofisini nilifungua jalada na kuzisoma tena barua zote, za vyuo vyote, za hapa na za nje. Kila moja ilikuwa na tarehe ya kuja na tarehe ya kuondoka. Mwalimu Nyerere, katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kurudi na chakula. Maneno hayo tulifundishwa shuleni na nikayaamini, na bado nayaamini. Lakini katika jalada lile zima hapakuwa na karatasi iliyosema mtu huyo arudi lini, kwa njia ipi, na apokewe na nani.

Kijana alimaliza miezi yake, akaaga, akaondoka. Mwezi Februari 1991, kaskazi ikiwa imetulia, akatokea mlangoni mwa masjala na bahasha ya kaki. Hapo pakawa na tatizo ambalo ofisi haikuwahi kukutana nalo: kibali chake kilikuwa kimekwisha zamani, na utaratibu ulimtaka kila anayekwenda kijijini kwa jambo la utafiti awe na kibali kilicho hai. Nilimwandikia mkuu wangu dokezo, naye akaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Aende. Safari hii haji kuuliza." Dokezo lile nililipa folio yake, na ndilo la pekee la aina hiyo nililowahi kuliona katika utumishi wangu.

Kule Tongoni alisomewa kila mtu aliyetaka kusikia. Kijana alikuwa ameandika majibu kwa Kiswahili, kurasa chache, na majina ya samaki aliyaweka kama wanavyoyataja wenyewe: changu, tasi, pono, chewa. Wazee walisikiliza kwa adabu mpaka alipofika mahali palipoeleza kwamba chewa ni wachache sana. Hapo mabishano yakaanza, na yakaendelea hadi adhuhuri. Chewa wako nje, walisema, na wakati wa kusi dema la ndani halimpati. Wakamtajia miamba kwa majina, wakamwambia aende nao kesho yake akaone. Akaenda. Alirudi na kurasa nyingi za masahihisho, na mzee wa dema akamuuliza kama hayo yataingia kwenye kitabu.

Kijana alimweleza ukweli, kwamba tasnifu ilikwisha kupita kwa watahini, imejalidiwa, na nakala yake iko maktaba.

"Basi kitabu kinasema hatuna chewa," mzee alisema.

Mwaka huohuo Profesa Matthew Luhanga alishika uongozi wa chuo, akakaa hadi 2006, na mageuzi makubwa ya kiutawala yakafanyika chini yake kuanzia mwaka 1994. Baada yake wamekuja Profesa Rwekaza Mukandala na, tangu 2017, Profesa William Anangisye. Utafiti umepata kurugenzi yake na naibu makamu mkuu wake, na ninaposoma vyeo hivyo hufurahi, kwa kuwa kwa muda mrefu jambo hili lilibebwa na barua ya ukurasa mmoja. Hata hivyo huwa najiuliza ni nani kati ya wenye vyeo hivyo ambaye kazi yake ni kupokea masahihisho yanayotoka dikoni baada ya kitabu kujalidiwa, na kama jambo kama hilo linaweza kuwekewa ofisi, au litaendelea kumngojea mwanafunzi aliye tayari kurudi bila kibali na mkuu wa kazi aliye tayari kumwandikia aende.