Linki ya dola 9,500 na barua ya mkuu wa kituo

Juzi usiku binti wa kaka yangu, anayesoma mwaka wa pili shahada ya hali ya hewa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alinitumia linki ya WhatsApp. "Shangazi, nimepata! Dola 9,500 kwa mwaka, miaka miwili, halafu wiki kumi za mafunzo kwa vitendo yenye malipo." Insha ya maombi alikuwa ameshaianza.

Nikaifungua. Ni skolashipu ya Hollings, inayotolewa na NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulika na bahari na angahewa. Yote aliyoyasema ni kweli, fedha ni hizo na wiki ni hizo. Ila katika masharti upo mstari mmoja mfupi: mwombaji awe raia wa Marekani.

Nilimpigia simu. Jambo la namna hiyo huliandiki kwenye meseji na kulala.

Hizi orodha za "skolashipu za wanafunzi wa hali ya hewa" zinazunguka kwenye magrupu kila mwaka, na sehemu kubwa imeandikwa kwa ajili ya vijana wa Marekani. Nyingi za zile za Jumuiya ya Hali ya Hewa ya Marekani, AMS, nazo zinataka raia au mkaazi wa kudumu. Anayebandika hasomi masharti, anayepokea anasoma kiasi cha fedha kwanza. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakimaliza likizo nzima kwenye insha ambayo haikuwa na mtu wa kuisoma. Mwingine alimlipa wakala amjazie fomu ambayo ni ya bure. Linaniuma, kwa sababu mlango ulio wazi kwa watoto wetu upo, na unaanzia hapa hapa nyumbani.

Mimi ni mtu wa Mikindani. Kidato cha sita nilisoma PGM, yaani fizikia, jiografia na hisabati, na alama zangu hazikunifikisha chuo kikuu mwaka ule. Nikaenda Kigoma, kwenye Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa, kusomea stashahada. Kutoka Mtwara hadi Kigoma umeikata nchi kona kwa kona: basi mpaka Dar, halafu treni ya Reli ya Kati, Dodoma, Tabora, mpaka unaliona Ziwa Tanganyika. Mama alinifungia korosho za kutosha behewa zima. Nilipomaliza na kuajiriwa, nikapangiwa kituo cha Mtwara, pale kiwanja cha ndege.

Hapo ndipo niliposomea kazi hii hasa. Kuna kisanduku cheupe cha mbao zenye mianya, ndani yake vipimajoto, kimoja kimevikwa kitambaa kinachonyonya maji. Kitambaa kikikauka au kikichafuka, unyevu wote utakaoandika ni uongo. Kuna mpira wa kioo unaokusanya miale ya jua na kuchoma kadi; ukiipima alama ya moto jioni, unajua jua liliwaka kwa muda wa saa ngapi. Mawingu unayahesabu kwa sehemu nane za anga, kwa macho yako, na hakuna wa kukusaidia. Kipimamvua kinasomwa saa tatu asubuhi, ambayo ni saa 06 ya Greenwich, na mvua hiyo ni ya saa 24 zilizopita. Wanagenzi wengi huikosea tarehe hapo.

Kuhusu saa, nilikuwa nachanganyikiwa mwanzoni, mpaka siku moja nikagundua njia yangu: ichukue saa ya Kiswahili, ongeza tatu, umepata ya Greenwich. Saa tatu asubuhi ni 06. Saa sita mchana ni 09. Saa tisa usiku inakuwa kumi na mbili, yaani usiku wa manane kwao, saa 00. Dunia nzima inapima wakati huo huo mmoja, na wewe uko Mtwara na tochi, umejifunga khanga kwa umande, unapima nayo. Mama hakuipenda zamu ya usiku kwa binti yake. Baba, mvuvi, alikuwa akiniuliza asubuhi: "Kusi limesemaje?"

Nilipotaka kwenda mbele, nilifanya kosa ambalo naona linarudiwa kila mwaka. Nilisikia Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lina ufadhili wa masomo. Nikajaza fomu, nikaambatanisha vyeti, nikatuma moja kwa moja Geneva, Uswisi, yaliko makao yake makuu. Nilijibiwa kwa adabu kwamba maombi hayapokelewi kutoka kwa mtu binafsi. Yanatakiwa yapitie kwa Mwakilishi wa Kudumu wa nchi yako katika WMO, yeye ndiye anayekuteua na kutia sahihi.

Huyo Mwakilishi wa Kudumu ni nani? Kwa kawaida ni mkuu wa taasisi ya hali ya hewa ya nchi. Kwetu ni Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Ofisi yake nilikuwa naifanyia kazi, halafu nikaipita nikaenda kubisha hodi Uswisi.

Mwaka uliofuata nilianza kwa mkuu wa kituo. Akaandika barua, ikapanda makao makuu, ikakaa, nikaifuatilia, ikatoka na sahihi. Nikapata nafasi ya uzamili Nanjing, China, kwenye chuo kikuu cha sayansi ya habari na teknolojia, NUIST, ambacho ni kituo cha mafunzo cha kanda cha WMO. Mlipaji ni Serikali ya China: ada, malazi, bima ya afya na posho. Posho ya uzamili ni yuani 3,000 kwa mwezi, ya shahada ya kwanza 2,500, ya uzamivu 3,500. Umri nao unaangaliwa: uzamili uwe chini ya miaka 35, uzamivu chini ya 40, shahada ya kwanza chini ya 25. Mimi nilikuwa na 31. Ningeendelea kutuma Geneva kwa ukaidi, huenda ningevuka.

Nanjing nilikutana na mvua za plamu, zinazotanda bonde la Yangtze kuanzia katikati ya Juni, siku kwa siku, mpaka nguo zinavunda kabatini. Kiangazi chao kilinifaa, baridi yao haikunifaa. Lakini nitakachokikumbuka mpaka nazeeka ni siku nilipofungua data ya tasnifu yangu. Nilikuwa nachunguza mvua za kusini, sisi ambao hatuna vuli na masika bali msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili. Nikapewa takwimu za vituo, Mtwara ikiwemo. Nikashuka na safu ya tarehe, nikafika kwenye miezi ambayo mimi ndiye niliyekuwa zamu. Zile milimita nilizisoma mimi, nimepiga magoti kwenye nyasi mbichi, macho usawa wa maji. Na kulikuwa na mapengo ya siku kadhaa, mwaka kabla sijafika kituoni, mtu hakupima. Mapengo hayo yalinisumbua wiki tatu. Tangu hapo sina subira na mwanafunzi anayesema fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ni kupoteza muda tu.

Ndiyo maana nilimwambia binti yetu: weka insha chini, kwanza tutafute fildi. Wiki zako nane za fildi usizifanyie ofisi yoyote ya jirani kwa sababu nauli ni nafuu. Chuo kikuandikie barua kwenda TMA, na uombe kituo chenye watu wanaopima usiku na mchana, siyo dawati tu. Fedha ya fildi imo kwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo, haitoshi lakini ipo, na Mtwara kwa bibi hulipi chumba. Ukitoka hapo una mkuu wa kituo anayekujua kwa kazi. Barua ya mtu aliyekuona unaamka saa tisa usiku ni tofauti na ya mhadhiri mwenye wanafunzi mia.

Tukazungumza pia milango mingine, maana si kila mtu ataajiriwa serikalini, na katika ufadhili wa WMO watumishi wa taasisi hizi ndio hutangulizwa.

Nairobi ipo karibu kuliko watu wanavyodhani. Kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza haijavunjika mwaka 1977, idara ya hali ya hewa ilikuwa moja kwa nchi zetu tatu, na Nairobi ndiko ilikokuwa. Idara ya hali ya hewa ya Chuo Kikuu cha Nairobi imefundisha wengi wa wakubwa wetu. ICPAC nayo ipo kule, kituo cha utabiri wa tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kinachowakutanisha wataalamu wa kanda kabla ya misimu mikubwa ya mvua. Anayependa hesabu kuliko mawingu aangalie AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, pale Kigali, wanagharamia uzamili wa fani hiyo, na utabiri wa leo ni hesabu tupu.

Uingereza, Chuo Kikuu cha Reading kina idara ya hali ya hewa inayojulikana dunia nzima. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inaweza kukupeleka kwa mwaka mmoja, lakini inataka saa 2,800 za kazi, takriban miaka miwili, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Kwa aliyeanza kituoni saa hizo zimeshajaa.

Na Marekani yenyewe? Ipo, ila si kwa skolashipu za zile orodha. Kwenye uzamili na uzamivu wa sayansi ya angahewa, vyuo vingi vya kule humlipa mwanafunzi kwa kazi: anamsaidia profesa utafiti au anafundisha, chuo kinabeba ada na kumpa posho. Uraia hapo kwa kawaida si kikwazo. Unamwandikia profesa miezi kabla, unamweleza umesoma nini katika kazi zake na wewe umefanya nini. Barua inayosema "nina shauku na hali ya hewa" haijibiwi. Inayosema "nimepima mvua wiki nane kwenye kituo cha pwani, nikakagua takwimu zake za miaka ishirini, nikakuta mapengo haya" inaweza kujibiwa.

Kwa walio kidato cha sita wanaonisoma: fizikia na hisabati, msiziache. Ukifaulu sana tahasusi za sayansi angalia Samia Scholarship, ufadhili wa serikali yetu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Na matokeo yakikataa, Kigoma ipo.

Binti yetu alinyamaza kidogo kwenye simu, nikajua ile dola 9,500 inamtoka taratibu. Kisha akauliza kama kwenye kituo cha Mtwara wanaruhusu mwanafunzi kushika kadi ya ule mpira wa kioo. Nikamwambia wanaruhusu, akiomba vizuri.

Asubuhi alinitumia rasimu ya barua kwenda TMA. Jina la kituo alikuwa ameshaliandika. Nimemrekebishia tarehe na anuani tu, na Jumatatu anaipeleka kwa mratibu wa fildi chuoni ikagongwe muhuri.