Mbwa wa Kambi ya Asali

Mbwa wetu, jina lake Watasema, hakuwa wa kuwinda, na babu alihakikisha kila mtu analijua hilo. Kabla hatujatoka kijijini alimvalisha shingoni kengele ndogo ya mbuzi, akaifunga kwa kamba ya miyombo aliyoisokota mwenyewe.

"Mbwa mwenye kengele hawezi kunyatia hata panya," aliniambia. "Askari wa wanyamapori wakitusikia tunakuja, wajue sisi ni warina asali."

Kwetu, kusini mwa Sikonge mkoani Tabora, jambo hilo halikuwa dogo. Mtu akionekana porini na mbwa, la kwanza kudhaniwa ni kwamba anawinda, na kuwinda kwa mbwa sheria inakataza. Ndani ya pori la akiba mbwa haingii kabisa. Mizinga yetu ilikuwa nje ya pori hilo, ng'ambo ya mashamba ya tumbaku, na babu alikuwa na karatasi ya ofisi ya kijiji aliyoikunja ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kiberiti. Kila alipofungua mfuko kuwasha moto, aliitazama kwanza ile karatasi kama ipo.

Ilikuwa Juni 1998, shule zimefungwa, nami niko darasa la sita. Mvua za El Niño zilikuwa zimeondoka na sehemu ya barabara, na mbuga ambazo kwa kawaida mwezi huo huwa zimeanza kupasuka ardhi bado zilikuwa na maji. Babu alikuwa na wasiwasi njia nzima. Mvua ikinyesha mfululizo miti inapochanua, nyuki hawatoki, na wasipotoka wanakula akiba yao wenyewe. Tena nyasi zilikuwa zimetupita kimo.

Nyuma ya baiskeli alining'iniza kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu, ndani yake kinyesi kikavu cha ng'ombe kinachofuka moshi. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu dhidi ya mbung'o. Mbung'o hufuata chochote kinachotembea, na huvutwa zaidi na rangi ya buluu na nyeusi. Bibi alinikataza katakata kuvaa kaptula ya shule. Watasema alikuwa mwekundu wa udongo, kifua cheupe, na hakuna aliyemfundisha la kufanya. Alitembea ndani ya ule moshi, pua karibu iguse gurudumu la nyuma, masikio ameyalaza. Babu aliposimama kupumzika, naye alisimama. Upepo ulipogeuza moshi, naye aligeuka.

Babu alimwogopea mbung'o kuliko simba. Ng'ombe wakiumwa na mbung'o wanapata nagana, na mbwa naye huugua vibaya sana: homa, uso kuvimba, mwili kukauka, kisha jicho linaingia ukungu wa rangi ya buluu. Mbwa wawili waliomtangulia Watasema walikufa hivyo hivyo. Ndiyo maana kila jioni, kabla hajanawa hata uso wake mwenyewe, babu alimshika Watasema kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga na kumkagua macho yote mawili.

Kambi yetu ilikuwa chini ya mti mkubwa wa mtundu, karibu na kijito. Kibanda cha nyasi cha mwaka uliotangulia kilikuwa bado kimesimama. Nilitaka kukimbilia ndani nitue mzigo, babu akanizuia kwa mkono.

"Subiri mwenye nyumba akague."

Watasema aliingia peke yake. Tulisikia kengele ikienda polepole ukutani mwote, ikatulia kwenye kona, ikaendelea. Alipotoka na kujinyoosha mlangoni, ndipo babu alipoingia. Wakati wote tulipokuwa kule sikuona hata mara moja babu akitangulia kuingia. Nyoka hupenda vibanda vilivyoachwa, na yeye aliwahi kumzika mwenzake kwa sababu hiyo.

Chakula pia kilikuwa na utaratibu wake. Tulibeba unga, nsansa za mboga za majani zilizokaushwa, karanga za kusaga na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa. Ugali ukishaiva babu alimega tonge la Watasema kwanza, akalipuliza lipoe, akamwekea juu ya gome. Tulipoanza kurina, alimkatia na kipande cha sega lenye majana, yaani watoto wa nyuki. Mzee mmoja tuliyekuwa tunapakana naye kambi, ambaye alikuja na kijana wake, aliona hayo ni kumdekeza mbwa. Babu hakubishana naye. Alisema tu kwamba anayekesha hula kabla ya anayelala.

Kurina tulirina jioni. Mizinga ilikuwa ya magome, imelazwa juu kabisa kwenye matawi, na babu, pamoja na umri wake, alipanda mwenyewe. Mimi nilibaki chini nikishika kamba ya ndoo. Watasema tulimwacha kambini amefungwa, kwa sababu nyuki wakichafukwa huvamia manyoya kabla ya kitu kingine. Kutoka chini nilikuwa naona kienge tu kikitoa cheche, na ndani ya moshi mkono wa babu unaingia kwenye mzinga hadi kiwiko, unatoka na sega, unaingia tena. Hakuharakisha. Kila mzinga aliuachia masega ya nyuma ili nyuki wasihame. Ndoo iliposhuka ilikuwa ya moto kidogo, inanuka moshi na maua, na nyuki wachache walikuwa bado wanatambaa kwenye mdomo wake wamelewa. Niliirudia harufu ile kichwani mwaka mzima.

Wasiwasi wa babu kuhusu mvua ulikuwa wa kweli: mizinga mingi ilikuwa myepesi. Hata hivyo tulijaza ndoo mbili za lita 20, na ya tatu tukaanza. Moja ilikuwa ya chumvi, mafuta ya taa na madeni. Ya pili babu alishaniambia kuwa ni sare yangu ya shule na madaftari.

Usiku ule baridi ya Juni ilikuwa imetusogeza karibu na moto. Komba walikuwa wanalia upande wa kijito. Ndoo tulikuwa tumezifunika na kuzibana kwa magogo kando ya kibanda. Nilikuwa nimeshaanza kusinzia niliposikia kengele imesimama. Watasema alikuwa amelala miguuni pangu, na mbwa hata akilala kengele hucheza kidogo anapohema. Sasa ilikuwa kimya kabisa. Alikuwa amebana pumzi.

Kisha gogo likabiringika, mfuniko ukapasuka, na Watasema akaruka juu ya moto.

Nilimwona nyegere kwa muda mfupi tu, mgongo mweupe na tumbo jeusi, kichwa kimezama ndani ya ndoo ya tatu. Hakukimbia. Aligeuka akatoa sauti nzito ya kukoroma ambayo sikudhani inaweza kutoka kwenye mnyama mfupi vile. Watasema alimkamata shingoni. Babu alikuwa ameshasimama na kijinga cha moto mkononi, nami nikafungua mdomo kumwita mbwa.

"Usimwite!" Babu alinishika bega kwa nguvu. "Ukimwita atageuza kichwa."

Ngozi ya nyegere imelegea. Ukimkamata shingoni unadhani umemaliza kazi, kumbe yeye anajizungusha ndani ya ngozi yake hiyo hiyo na kukuuma ukiwa bado umemshika. Nilisikia Watasema akilia mara moja, lakini hakumwachia. Walibiringika wakatoka kwenye mwanga wa moto. Babu na yule mzee wakatupa vijinga, wakapiga kelele na madebe. Kengele ikaanza kwenda mbali: kwanza kwenye vichaka, halafu kwenye nyasi za mbugani, ikiruka na kukatika. Halafu ikanyamaza.

Nilichukua tochi. Babu akaninyang'anya.

"Huendi."

"Babu, atakufa."

"Anaweza kufa, ndiyo. Na huko mbugani usiku huu kuna fisi, kuna maji, na kuna yule aliyeumizwa ambaye sasa ana hasira. Bibi yako alinikabidhi wewe."

Kijana wa yule mzee alisema labda mbwa ameshakimbilia kijijini. Hakuna aliyemjibu. Babu alichochea moto ukawa mkubwa kuliko tulivyohitaji, akakaa akiangalia upande wa mbuga, na kila baada ya muda alipiga debe mara tatu, akasubiri, akapiga tena. Alitaka mbwa asikie kambi iko wapi. Hakulala, nami sikulala. Nililia waziwazi mbele ya wazee wawili, wala hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Kulipopambazuka tulifuata nyasi zilizolala. Harufu ya nyegere ilikuwa bado inaning'inia pale, kali kiasi cha kufanya macho yatoe machozi. Ana tezi chini ya mkia, na akibanwa huitoa harufu hiyo. Kwanza tuliokota kengele, kamba ya miyombo imekatwa na meno. Hatua chache mbele, kwenye shina la mti ulioanguka, Watasema alikuwa amejikunja ndani ya shimo. Alitikisa mkia alipomwona babu, lakini hakuinuka. Ubavu wa kushoto ulikuwa wazi, na mguu wa mbele ulikuwa umetobolewa hadi karibu na mfupa.

Babu alipiga magoti pale pale kwenye tope. Jambo la kwanza alilofanya ni kumshika kidevu na kumtazama macho, kama kila jioni. Kisha akavua shati, tukamfunga ndani yake na kumbeba.

Kambini aliosha vidonda kwa maji yaliyochemshwa, akachuja asali kwenye kitambaa mpaka ikatoka safi bila nta, akaimimina ndani ya kidonda mpaka kikajaa. Hakuwa akibahatisha. Asali ina maji machache mno kwa vijidudu kustawi, na ikichanganyika na unyevu wa kidonda hutoa haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Mimi niliyajua hayo nikiwa mtu mzima, lakini matokeo yake niliyaona siku ile ya kwanza, kidonda kilipobaki chekundu na kisafi hadi jioni. Tatizo lilikuwa kwamba Watasema aliilamba. Babu akakata shati lake vipande, akafunika na kukaza kwa kamba za gome, huku akimwambia kwa Kinyamwezi maneno ambayo mimi sikuwa nimewahi kumsikia akimwambia mtu yeyote.

Mbwa yule hangeweza kutembea. Baiskeli ilikuwa moja. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali inakaribia kilo 28, na kwa njia ile iliyokatikakatika ndoo mbili ndizo zilikuwa mwisho wa uwezo wetu. Nilijua kwamba mnunuzi wa asali alikuwa anakuja kijijini na gari siku ya gulio, na kwamba hatarudi upesi. Babu alijua zaidi. Alifungua ndoo moja iliyokuwa imeshafungwa kwenye keria, akaishusha.

Yule mzee alikuwa anatazama.

"Mzee mwenzangu, unaacha asali unabeba mbwa?"

"Asali nitaifuata. Huyu nikimwacha, kesho nitamfuata nani?"

"Na sare ya mtoto?"

Babu alinigeukia. Hakuniuliza kwa maneno. Nilishika kile kikapu cha matete tulichobebea michembe, nikakimwaga, nikaanza kukitandika nyasi.

"Basi iache hapa kwangu," mzee akasema. "Nitailinda mpaka nirudi."

Njia yote tulisukuma kwa miguu, babu kwenye usukani, mimi nyuma nikishikilia kikapu, na kopo la kinyesi nimelisogeza karibu kabisa na kichwa cha Watasema ili moshi umfunike. Nilitumia tawi kumfukuzia mbung'o waliopita moshi. Mikono yangu iliumwa badala yake, ikavimba, na sikujali.

Bibi alitupokea uani. Aliangalia keria, akaangalia mgongo wa babu ulio wazi, akaangalia kikapu.

"Ndoo nyingine iko wapi?"

"Iko kambini."

Alifunua nyasi. Kimya kidogo. Kisha akaniita niteke maji, yeye mwenyewe akaenda kuwasha moto.

Gari la mnunuzi lilikuja na kuondoka. Shule zilipofunguliwa nilirudi na kaptula ile ile, bibi ameitia viraka viwili nyuma, na mwalimu wa zamu akanitoa mstarini. Nilipomweleza sababu alicheka. Mpaka leo sioni kilichokuwa cha kuchekesha.

Watasema alichechemea muda mrefu, lakini kidonda hakikuoza. Jicho moja lilianza kuingia ukungu kabla mwaka haujaisha, na babu hakusubiri: alimpeleka kwa bwana mifugo, akachomwa sindano ile ile wanayochomwa ng'ombe kwa kipimo kidogo sana, na jicho likarudi kuwa safi. Mwaka uliofuata alizaa.

Yule mzee alikuwa ameshatuletea ndoo yetu, imejaa kama tulivyoiacha. Sasa alikuja tena, akatukuta uani. Nikamwamkia, akaniitikia, akakaa, akanywa uji, akazungumza habari za mvua na mabani ya kukaushia tumbaku yanavyomaliza miti. Ilimchukua muda kufika kwenye alilolijia.

"Kijana wangu anasema hatarudi kambini mpaka tuwe na mbwa."

Babu alimwelekeza kwenye banda. "Chagua. Ila yule jike mwekundu ameshapata mwenyewe," akasema, akininyooshea kidole mimi.