Biri Iliyoungua Upande Mmoja

Safari ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Tabora, kilomita zipatazo 840, sitaisimulia, kwa kuwa sehemu kubwa nililala na sehemu iliyobaki niliitumia kulalamikia kiti. Nasimulia jioni moja tu, ambayo biri niliyoinunua kwa shilingi 38,000 ilikataa kuungua sawasawa, na kwa sababu hiyo nikajikuta nikizungumza na mtu wa kazi ambayo nyumbani kwetu ilitajwa kwa uchungu.

Mimi ni mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo, ingawa nimeishi Tanga miaka mingi. Sigara sivuti. Mara moja kwa mwaka, hata hivyo, hununua biri moja, ile nene isiyo na karatasi, ambayo ni jani ndani ya jani: majani ya moyoni, jani la kuyafunga, na jani laini la kuivisha yote. Safari hii nilichagua iliyosokotwa Estelí, nchini Nikaragua, nikanuia kuivutia Tabora, katika mkoa ambao tumbaku yake ndiyo iliyotulisha.

Nyumba ya wageni niliyofikia ilinitoza shilingi 45,000 kwa chumba kilichoahidiwa maji ya moto, nikaletewa ndoo, tena ya vuguvugu. Nilitoka uani, nikaketi chini ya mwembe, nikawasha kiberiti.

Mivuto ya kwanza ilinishangaza. Ukali wa pilipili manga ulipanda puani, ukafuatwa na kahawa iliyokaangwa sana, na chini yake kukawa na utamu mzito uliokaribiana na asali ya miombo ya huku huku Tabora, ile inayoacha uchachu mdogo kooni. Nilifurahi kama mtu aliyepokewa vizuri ugenini. Kabla biri haijafika robo, lakini, niliona kwamba upande mmoja moto umetangulia kwa upana wa kidole kizima, na upande wa pili jani la juu limebaki zima, limesimama kama ubavu wa mtumbwi. Nikaogopa itazimika, nikavuta kwa nguvu na kwa haraka, na hapo nikaiharibu zaidi, kwa sababu moshi ulipata joto na ladha zote nilizozihesabu zikageuka uchungu mmoja.

Mzee aliyekuwa ameketi kwenye benchi akingoja muda wa gari moshi la Kigoma alinitazama kwa kitambo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, usiikimbize. Jani lina maji yake. Penye ukavu moto unakimbia, penye unyevu unasita. Ulisafiri nayo wapi?"

Nilimweleza kwamba tangu Dar es Salaam ilikuwa katika mfuko wa shati, nami nimeketi dirishani.

"Basi kule pwani ilikunywa unyevu, halafu ukaileta huku Septemba, jua likaipiga ubavu mmoja njia nzima."

Aliichukua kwa vidole viwili. Alilowesha ncha ya kidole, akaigusisha kwenye jani la juu mbele kidogo ya ule moto uliotangulia. Kisha akawasha njiti, akaisogeza kwenye upande uliochelewa bila kuvuta, mpaka ukingo wake ukashika wekundu. Akanirudishia, akaniagiza niushike upande huo uelekee chini, kwa kuwa moto hupata hewa kwa chini na hupenda kupanda, nisivute zaidi ya mara moja kwa dakika, na nisiikung'ute jivu ovyo. Baada ya dakika kama kumi pete ya moto ilikuwa imenyooka, na kahawa yangu ikarudi.

Nilimuuliza kama naye huvuta biri. Alisema hajawahi hata mara moja, ila majani aliyajua, kwa kuwa alikuwa mteuzi wa tumbaku, yaani yule anayesimama sokoni mbele ya mitumba, yaani marobota ya majani makavu, na kutamka daraja la ubora. Alinieleza kwa utulivu kwamba tumbaku yetu ya mvuke hukaa katika bani, yaani nyumba ya kuikaushia kwa joto la tanuri, kwa takriban wiki moja, moto ukipandishwa polepole kutoka nyuzi 35 hadi karibu 70, na jani hubaki na sukari yake na rangi ya dhahabu, ilhali jani la biri huning'inizwa kivulini kwa majuma mengi, kisha hulundikwa lichachuke kwa joto lake lenyewe. Nilimsikiliza nusunusu. Nilikuwa nimekwama kwenye neno mteuzi.

Mwaka 1984 baba alipeleka mitumba yake sokoni, ikashushwa daraja, na mwezi huo huo baiskeli yake ikauzwa. Mpaka alipofariki aliamini kwamba mteuzi alimdhulumu, na mimi niliamini pamoja naye. Niliyasema hayo kwa sauti iliyokuwa kali kuliko adabu inavyoruhusu mbele ya mzee.

Hakukasirika. Aliniuliza, "Tanuri la bani la baba yako lilikuwa upande gani?"

"Mashariki."

"Na majani ya upande wa magharibi?"

Hapo niliyaona tena kama yamewekwa mapajani pangu: yale ya karibu na tanuri yakiwa ya kahawia na makavu ya kuvunjika, yale ya mbali yakiwa na ukijani kwenye mshipa. Mama alitukalisha watoto tukayatenga kwa mafungu mchana kutwa. Usiku, kwa mwanga wa kibatari, baba aliyachanganya yote katika mitumba ile ile, ya kahawia yakiwa katikati na mazuri machache yakiwa juu.

"Aliyachanganya, mzee wangu," nilisema.

Alitikisa kichwa taratibu, bila kuongeza neno, na mimi sikuwa na la kuongeza. Biri ilikuwa imeanza tena kuegemea upande wake wa jua. Alininyooshea mkono, nikampa, akaigeuza upande ule uliochelewa uelekee chini, tukaendelea kuitazama mpaka alipoanza kukusanya mizigo yake kwenda stesheni.